Aliyetutangulia

Rosalia alifika Mikindani akiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, akimfuata mume aliyekuwa mpakiaji wa mizigo Changamwe. Mume huyo alifariki dunia mtoto wao wa pekee, Griffin, akiwa darasa la tatu. Wengi tulidhani mjane angerudi kwao Ugenya. Hakurudi. Alishuka Jomvu Kuu kwa Bi Ummulkheir, mama wa Kiswahili aliyejulikana kwa mahamri na mbaazi za nazi, akaomba afundishwe kazi. Bi Ummulkheir alimfundisha kwa miezi miwili bila kumpa sifa hata moja.

"Haya yako yamenuna," alimwambia siku moja mbele ya wateja. "Hamri hucheka, Mama Griffin. Kununa tuachie sisi wazee."

Tangu hapo, kwa miaka kumi na tisa, Rosalia alikaanga mahamri kila alfajiri kando ya barabara inayoteremka kuelekea mtoni, na kwa mahamri hayo Griffin alisoma hadi kidato cha nne. Mchana alifanya kazi nyingine ambayo hakuna aliyemwonea wivu: kufua na kupiga pasi nguo za altare za kigango chetu. Aliifanya kwa utaratibu usiobadilika. Vitambaa vya kupangusia kalisi, kikombe cha divai ya misa, alivisuuza kwanza peke yake, na maji yake akayamwaga udongoni, kamwe si mferejini, kwa sababu ndivyo Kanisa linavyotaka. Pasi yake ilikuwa ya makaa. Ya umeme, alisema, humwacha mtu njiani. Aliyetaka kujua tumo katika majira gani ya Kanisa angeitazama tu kamba yake ya kuanikia: kijani, zambarau, nyeupe.

Griffin alipotimiza miaka ishirini na minne alikwenda Uarabuni kuwa mlinzi wa majengo. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya misa ya pili, na mama yake alisimama chini ya dirisha la sakristia kuipokea, mahali ambapo mtandao ulishika vizuri. Mwezi wa Mei, mwaka juzi, simu zilikoma. Wanawake wengine wenye watoto huko walimweleza kwamba waajiri huwanyang'anya wafanyakazi simu zao, na kwamba mkataba ukiisha hurudishiwa. Rosalia aliyashika maelezo hayo, akaishi nayo.

Jumuiya yetu ndogo ina nyumba kumi na mbili. Kila Alhamisi tunaposali, mwenye nia huiandika kwenye kipande cha karatasi na kukitia katika kikapu: wagonjwa, wasafiri, wanaofanya mitihani. Mwezi wa Novemba huongezwa bahasha moja, ya marehemu. Kila wiki Rosalia aliandika maneno yale yale: "Tumwombee mwanangu Griffin, aliyetangulia kwenda Uarabuni." Aliandika hivyo kwa sababu Griffin alikuwa amemwahidi kwamba yeye anatangulia, na mama angefuata baadaye akaone mahali alipo. Hakuwa na maana nyingine.

Kwa desturi bahasha ya marehemu huwekwa altareni bila kufunguliwa. Mwaka ule waumini walilalamika kwamba wafu wao hawatajwi, na Padre akaagiza kwamba Jumapili ya Kristo Mfalme kila jumuiya isome majina yake kwa sauti. Jumuiya yetu ilisomewa na katibu wetu, Mercyline, karani mmoja kijana mwenye sauti safi. Alisoma jina baada ya jina bila kuinua macho. Alipomaliza la Gaudensia, nyanya yake Philister wa kwaya, alisoma, "Griffin, mwana wa Rosalia." Hakutua. Akaendelea na lililofuata.

Rosalia, aliyekuwa benchi la tatu, alisimama. Kisha akaketi.

Baada ya misa alimfuata Mercyline hadi mlangoni. Tuliokuwa karibu tulijiandaa kwa ugomvi, lakini alikuwa akitabasamu kama mtu anayeomba radhi.

"Kosa ni langu, Mercyline," alisema. "Niliandika 'aliyetangulia'. Mimi Kiswahili cha sokoni na cha kanisani huvichanganya. Kumbe hapa waliotutangulia ni wale waliokwisha kufa."

Mercyline alimtazama mwenyekiti wetu, Mzee Mwangi. Mzee Mwangi alikuwa akitazama viatu vyake.

"Ndiyo, Mama Griffin," Mercyline akajibu. "Neno hilo ndilo lililonichanganya."

Yafaa nieleze hapa jambo ambalo Rosalia hakulijua. Mercyline hakuchanganyikiwa. Griffin alikuwa amekufa tangu Mei. Alianguka kwa joto akiwa zamu, na maiti yake ikakaa katika chumba baridi hadi Septemba. Namba iliyoandikwa katika karatasi zake ilikuwa ya Jacktone, ndugu wa marehemu baba yake, anayefanya kazi kwenye yadi ya makontena Changamwe. Jacktone ndiye aliyepigiwa. Aliambiwa achague kati ya kuusafirisha mwili na kuuacha uzikwe huko, naye akatia saini uzikwe huko. Baada ya kutia saini hakujua atawezaje kumwambia shemeji yake. Kwao mama haambiwi kifo cha mwanawe akiwa peke yake ugenini. Huambiwa nyumbani, amezungukwa na watu wake. Kwa kuwa kila mtu hupanda bara mwezi wa Desemba, wazee wa ukoo waliamua kwamba Rosalia aambiwe wakati huo, na kwamba lizikwe tunda refu la mwegea mahali pa mwili, kama ilivyo mila yao kwa mtu aliyepotelea mbali. Hadi siku hiyo asisikie neno.

Mnamo Oktoba Jacktone alimwambia Mzee Mwangi kwa siri, ili jumuiya ijiandae. Mzee Mwangi aliwaambia watu wanne, nami nilikuwa mmoja wao. Aliona si haki Mkristo apitishe Novemba bila kuombewa, akamwagiza Mercyline alitie jina bahashani kimyakimya. Lilipokuja agizo la kusoma kwa sauti, Mercyline aliogopa kuliruka jina la mtu aliyekufa, kwa imani kwamba kuliruka ni dhambi. Hilo ndilo lililotokea. Na Rosalia mwenyewe, kwa unyenyekevu wake, alitupatia neno la kujifichia.

Aliomba jambo moja tu: makosa yasahihishwe pale pale yalipofanyikia, kwa sababu watu walikuwa wameanza kumpa pole njiani. Jumapili ya kwanza ya Majilio, majira ya kungojea Noeli, mshumaa wa kwanza ulipokwisha kuwashwa, katekista Garama, ambaye hakujua lolote, alitangaza kwa furaha kwamba palitokea kosa la kuandika, na kwamba ndugu yetu Griffin yu hai na yuko kazini. Kanisa zima lilipiga makofi. Tuliojua tulipiga pamoja na wasiojua. Rosalia aliinama kushukuru, kushoto na kulia.

Wiki mbili zilizofuata alifanya kazi kwa nguvu ambazo hatukuwa tumeziona kwake tangu Mei. Aliifua nguo ya zambarau ya altare akaishona upya pindo lililokuwa limefumuka. Alileta nyasi za pango la Noeli kutoka Jomvu Kuu, akazianika, akazichambua miiba mmoja mmoja. Kwaya ilipogombana juu ya sare za Noeli, Philister akishikilia kwamba rangi ya maziwa inawanenepesha wanawake, Rosalia alicheka akasema kinachowanenepesha ni mahamri yake, wasiisingizie nguo. Novena ya Noeli, ile sala ya siku tisa inayotembezwa nyumba kwa nyumba, ilipopangwa, aliomba siku ya sita iwe kwake. Alitaka, alisema, tumwombee Griffin nyumbani kwake mwenyewe, palipo na kitanda chake. Mzee Mwangi aliiandika siku ya sita.

Ingefaa mmoja wetu azungumze wakati huo. Tulikutana mara mbili, watu wanne, tukajadili nani aseme. Kila mara tuliafikiana kwamba mambo ya ukoo yana wenyewe, na kwamba siku zilizobaki ni chache.

Aliyezungumza alikuwa Bi Ummulkheir, naye hakujua kwamba anatoa habari. Alikuwa Kwale tangu Oktoba akimuuguza dada yake. Mjukuu wake, Ghalib, anafanya kazi mji ule ule wa Uarabuni, na alikuwa mmoja wa Wakenya waliosimama kaburini kwa Griffin. Bi Ummulkheir aliporudi Jomvu hakupumzika hata siku moja. Alipanda hadi Mikindani na buibui lake la kutokea, akamkuta Rosalia kando ya karai la mafuta, wateja wanangoja.

"Shikamoo, Bi Ummulkheir."

Bi Ummulkheir hakuiitikia shikamoo. Alimshika mikono yote miwili, ingawa ilikuwa imejaa unga.

"Makiwa, Mama Griffin."

Kila mtu aliyeishi pwani analijua neno hilo na jibu lake. Huambiwa aliyefiwa, naye hujibu, "Tunayo." Rosalia hakujibu. Alianza kueleza, kwa subira, juu ya karatasi, na neno lililoandikwa vibaya, na jinsi katekista alivyokwisha kusahihisha. Bi Ummulkheir alisikiliza mpaka mwisho huku uso wake ukibadilika.

"Mwanangu," alisema, "Ghalib alimtia mchanga kwa mkono wake. Wallahi nilidhani wenzio wamekwambia."

Rosalia aliyaepua mafuta. Aliwauzia wateja watatu waliokuwa wamengoja, akafunika unga uliobaki, akaondoka kwa miguu kwenda Changamwe. Jacktone alitueleza baadaye kwamba hakulia wala hakumlaumu. Aliuliza mambo matatu: siku, saa, na kama kulikuwa na padre. Jacktone aliyajua mawili ya kwanza. La padre hakulijua, na hapo ndipo Rosalia alipoketi chini, kwenye changarawe ya yadi, madereva wa malori wakimzunguka.

Jioni alipita kanisani. Mercyline na Philister walikuwa wakibadilisha majani yaliyokauka kwenye taji la Majilio. Philister ndiye aliyetusimulia yaliyosemwa, kwa sababu Mercyline hajapata kuyasimulia.

"Neno langu lilikuchanganya, Mercyline?" Rosalia aliuliza.

Mercyline aliliweka chini jani alilolishika. Kisha akasema, "Hapana, Mama."

"Ulijua."

"Nilijua, Mama Griffin. Tangu Oktoba."

"Na siku ile mlipopiga makofi?"

Mercyline alianza kulia. Rosalia alimngoja amalize, kama mtu anayengoja jibu la haki, na alipoona halitakuja, aliiokota nguo ya zambarau iliyodondoka kutoka kitini, akaikunja, akaiweka mahali pake, akaenda zake.

Tulitarajia kwamba angeondoka siku ile ile kwenda Ugenya. Siku ya pili alionekana akikaanga mahamri. Mzee Mwangi alikwenda kumwomba msamaha, akapokewa vizuri, akapewa kiti na chai, akakosa pa kuanzia, akarudi. Mimi nilikwenda mara moja na nikaongea naye juu ya mvua. Siku ya nne tangu apate habari alituma ujumbe kwa katibu: novena ya siku ya sita iko pale pale, saa kumi na mbili kasorobo jioni, watu wasichelewe kwa sababu basi lake la Ugenya ni la asubuhi inayofuata.

Tulikwenda kumi na mmoja. Alikuwa amepanga viti na mikeka, na mlango wa chumba cha Griffin ulikuwa wazi, kitanda kimetandikwa. Jacktone alikaa karibu na mlango wa nje, kofia magotini. Rosalia alitukaribisha kwa majina, akatoa kitabu, akamwomba Mzee Mwangi aanze. Tuliimba wimbo mmoja wa Majilio, ubeti wa kwanza na wa mwisho. Somo lilisomwa. Hakuna aliyelifafanua.

Yakafika maombi. Kwa kawaida Mercyline huchukua kikapu akasoma karatasi moja moja, nasi huitikia. Safari hii aliutia mkono kikapuni akautoa mtupu. Hakuna aliyekuwa ameandika kitu. Kila mmoja alingoja mwenzake aseme nia, na kila mmoja aliogopa kutaja msafiri, na kuogopa zaidi kutaja marehemu. Redio ya jirani ilikuwa ikitangaza bei ya vitunguu.

Ndipo Rosalia aliposema, kwa sauti yake ya kawaida, "Tumwombee marehemu Griffin, mwanangu. Ee Bwana."

Hakuna aliyeitikia. Yeye alinyanyua kichwa akatutazama, kuanzia Mzee Mwangi, kwa zamu, hadi kwa aliyekuwa karibu na mlango.

"Itikieni," alisema. "Ninyi mlianza kumwombea kabla yangu."

Akarudia ombi tangu mwanzo, neno kwa neno. Safari ya pili tuliitikia.