Bibi Alivyolima Uwanja wa Mpira

Pa! Viganja vikidaka mpira uliopigwa kwa nguvu hutoa mlio huo, na mimi nikiusikia nasahau nilichokuwa nafanya. Juzi niliusikia kwenye simu ya Mjomba Kibwana, hapa Mafiga, mjini tunakoishi sasa, alipowakusanya majirani barazani kwake awaonyeshe video ya mpwa wake. Zaituni, binti wa mama yangu mkubwa, ni mchezaji wa kulipwa Australia, katika ule mpira wao uliochongoka kama papai, unaochezwa kwa mikono na miguu, na ambao mtu anaruhusiwa kumpanda mwenzake mgongoni ili adake. Kwenye video aliruka, akaweka goti begani kwa mchezaji mwingine, akanyoosha mikono. Pa! Majirani wakashangilia.

“Huyo nimemfundisha mimi,” Mjomba akasema, bila hata kupepesa macho.

Nusura chai initoke puani. Amemfundisha yeye! Ngojeni niwaeleze, ndugu zangu, alivyomfundisha.

Sisi tulikulia juu milimani, Uluguru, mahali ambapo ukiangusha chungwa unalifuata mpaka kwa jirani wa chini. Ardhi tambarare ilikuwa kipande kimoja tu, nacho kilikuwa cha Bibi, mama wa mama zetu. Kwetu ardhi hupita kwa akina mama: Bibi alikipata kwa mama yake, na baada yake kingekwenda kwa binti zake na wajukuu wake wa kike. Mjomba alikuwa na sauti katika mambo yote ya ukoo, lakini shamba lile halikuwa lake. Alikuwa ameliomba tangu ujanani ili vijana wachezee mpira, na Bibi akampa kwa moyo mweupe. Tangu hapo Mjomba akawa kocha na mtu mkubwa kijijini, na Bibi akawa analima kwenye mteremko, mkono mmoja na jembe, mwingine ameshikilia majani asiporomoke.

Sasa, hakuna kijana aliyetaka kukaa golini. Kwa hiyo mazoezini alikaa Zaituni. Alikuwa na miaka kama kumi na miwili, mikono mirefu, magoti yamejaa makovu, na alidaka kila kilichokuja. Walimpigia mashuti ya karibu makusudi na kucheka alipoanguka kwenye tope. Yeye aliinuka, akajipangusa pua kwa bega, akasema, “Leta mwingine.” Mazoezi yalikuwa yake. Siku ya mechi Mjomba alimpa jezi mwanawe Shomari, ambaye mpira ukimjia alifumba macho, na Zaituni akapewa ndoo ya maji ya wachezaji. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua kuwa huo ni uonevu, na nilishangaa watu wazima walivyokuwa hawauoni.

Masika moja vijana wa Mafiga walipanda mlima kuja kucheza nasi. Zaituni alikuwa amemwomba Mjomba wiki nzima acheze, japo kipindi kimoja.

“We mtoto wa kike, kesho kutwa unaolewa,” Mjomba alimjibu. “Golini unatafuta nini?”

Ilipofika saa ya mechi, wageni bado wanahema, refa ameshaweka filimbi mdomoni, tukamwona Bibi anaingia uwanjani na jembe begani. Akaenda moja kwa moja katikati, akafunga kanga vizuri kiunoni, akaanza kulima. Vijana wa mjini, kwa adabu zao, wakamwamkia mmoja mmoja, naye akaitikia marahaba mmoja mmoja, jembe halisimami.

“Mama, unafanya nini?” Mjomba alikuja mbio.

“Napanda maharage. Mvua si imenyesha?”

“Leo, mbele ya wageni?”

“Akidaka Zaituni nitasubiri. Asipodaka, nipisheni nilime.”

Shomari alivuliwa jezi haraka, na nadhani yeye ndiye aliyefurahi kuliko wote. Zaituni aliivaa, ikamfika magotini. Kipindi chote cha kwanza hakuna kilichopita. Kuna shuti moja lililokuwa linaingia juu kabisa kwenye kona ya goli. Aliruka akalikamata kwa mikono miwili, na vijana wa Mafiga wenyewe wakampigia makofi. Wakati wa mapumziko Bibi akachukua jembe lake, ameridhika, akaenda kupika.

Alipopotea tu nyuma ya migomba, Mjomba akamwambia Zaituni, “Haya, vua. Bibi yako tumeshamridhisha.”

Zaituni aliivua jezi, akaikunja vizuri, akaiweka chini. Hakuna aliyemtetea, si kapteni, si refa, si wale waliokuwa wakimpigia makofi. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Kipindi cha pili Shomari alifungwa mabao ya kumwaga, na mimi nilifurahia kila moja.

Asubuhi yake nilimkuta Zaituni uwanjani, analima huku machozi yanamtoka. Bibi amekaa kwenye jiwe na mbegu kwenye pindo la kanga, hamsaidii. Nikajua anaadhibiwa kwa sababu ya ile vurugu. Nilimkasirikia Bibi vibaya mno, hata uji wake nikaukataa. Maharage yakaota mpaka kwenye kona, kijiji kikasema bibi kizee ameua mpira, na mwaka uliofuata mama yake Zaituni, muuguzi aliyekuwa amepata kazi Australia, akaja kumchukua.

Baada ya ile video nilimpigia Zaituni simu nimshtakie uongo wa Mjomba. Akacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha, na kwa hasira zangu nikamtaja Bibi pia, na ile adhabu yake.

“Adhabu gani, mdogo wangu?” akasema. “Bibi alikuja kuniamsha, akaniambia lile shamba litakuwa langu, yeye ananishikia tu. Akaniuliza tuwaachie wacheze au tulime. Akasema niamue mimi, yeye hatatia mkono.”

Mimi nilikuwa nimeona mtoto anayeadhibiwa. Kumbe nilikuwa namtazama mwenye shamba. Alijua fika kwamba milima yote ile haikuwa na mahali pengine pa kudakia mpira, na kwamba akilima, hata yeye ndio basi. Akalia, akachukua jembe, akaanzia golini.