Muline, Cherehani na Kachupa ka Mafuta

Miaka ile mishahara ya kiwanda ilipokuwa inaahidiwa zaidi kuliko kulipwa, nyumbani kwetu Likasi vilibaki vitu viwili tu ambavyo mtu angekubali kubadilishana na unga: cherehani yangu na kane ya mume wangu. Kane ni ufito wa kuvulia samaki, na ya kwake ilikuwa na muline, kile kigurudumu cha chuma cha kukunjia uzi. Mama mmoja wa Kapolowe, aliyekuwa akileta unga wa mahindi kwa lori kila Jumamosi, alivitazama vyote viwili, akasema atachukua kimoja chochote kati ya hivyo. Alitupa wiki moja tuchague.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuchagua. Cherehani ilikuwa nami tangu kabla sijaolewa, na ile kane nilikuwa na kinyongo nayo cha siku nyingi. Bosi wa mume wangu, mzungu, alipokuwa anafunga nyumba arudi kwao, aliwaita mafundi wake, kila mmoja achague kitu kimoja. Wenzake waliondoka na kabati na viti, mmoja na friji. Wangu alikuja na fimbo. Tena hakuchukua hata ile ndefu iliyokuwa inang'aa. Zilikuwa tatu, zimeegemezwa barazani, naye aligusisha ncha ya kila moja kwenye dari, akasukuma, akaichukua ile fupi yenye rangi ya majani makavu. Alinieleza sababu: "Ile inainama yote."

Nilimwuliza kama huo mwinamo tutaupika. Kwa siku kadhaa sikutia chumvi ya kutosha kwenye mboga yake ya lengalenga.

Hata hivyo mimi si mtu wa kuuza mbuzi ndani ya gunia. Jumatatu honi ya kiwanda ilipolia, naye mume wangu akaenda kukaa kwenye karakana isiyo na kazi kama walivyokuwa wakienda wenzake wote, niliiweka muline kwenye meza ya cherehani, nikachukua bisibisi yangu ndogo, nikaifungua. Nilitaka kujua ndani mna nini, ili mama wa unga asije akaniambia ni bati tupu.

Ndani mlikuwa na grisi. Sikuona kitu kingine. Ilikuwa ile nyeusi, nzito, ya mashine za kusagia mawe. Mume wangu alikuwa ameishindilia mpaka kwenye kifuniko, kama walivyofundishwa kazini, maana huko chuma kikikosa grisi kinakufa. Huo ulikuwa mwezi wa Juni, na asubuhi kulikuwa na baridi ya kugandisha vidole, na grisi pia. Nikakumbuka jinsi alivyorudi kutoka mto Lufira mikono mitupu, mara ya kwanza na ya pili, akisema samaki wa siku hizi hawataki. Nikazungusha mpini. Ulikwenda kama mtu anayetembea kwenye matope. Samaki hawakuwa na kosa lolote.

Nilicheka peke yangu, kisha udadisi ukanishika kwelikweli. Nikamimina mafuta ya taa kwenye bakuli, nikaanza kuosha kwa mswaki mkuukuu. Likatokea gurudumu la shaba lenye meno, halafu kigurudumu kidogo chenye meno ya mshazari, halafu msumari mrefu uliokuwa ukipanda na kushuka kila nilipozungusha, ili uzi ulale sawasawa juu mpaka chini. Nani alikuwa amewaza jambo hilo? Nilizungusha tena na tena ili niuone tu ule msumari ukipanda. Nilisahau unga, nilisahau hata chungu jikoni.

Mume wangu alinikuta nimepanga vipande vyote juu ya kitambaa cheupe.

"Mama, weye unafanya nini na muline yangu?"

"Niko naangalia iko na nini ndani."

"Njo kusema unataka kuiuzisha."

"Ndiyo. Lakini muntu hawezi kuuzisha kintu yenye hajue."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikasirisha. Alivuta kiti, akaanza kukagua meno ya shaba kwenye mwanga wa dirisha. Nikatoa kachupa kangu ka mafuta ya cherehani, kale kenye mdomo mrefu kama sindano, nikadondosha tone kwenye ekseli na tone kwenye mpini.

"Meno yenyewe inataka grisi," alisema. "Kidogo, sawa. Lakini inataka."

Alisema kweli, nikayapaka kidogo kwa ncha ya njiti ya kiberiti. Jioni ya pili tukapitisha pamba ndani ya pete za kane, zile zinazoongoza uzi, na pete moja ikaikamata pamba. Ilikuwa na ufa usioonekana kwa macho, na ufa huo ndio uliokuwa ukiukwangua uzi kila alipouvuta. Alitengeneza nyingine kwa waya wa shaba. Mimi nikaifunga kwa uzi mwekundu wa kushonea, mzunguko ukigusana na mzunguko, naye akaupaka verni yangu, rangi ya kucha, ile ya mwisho iliyobaki chini ya chupa. Nikamwambia sasa fimbo yake imependeza kuliko mke wake.

Ijumaa tulipanda lori pamoja, tukashuka kwenye daraja la Lufira. Muline ilizunguka bila kelele. Mbele yake kulikuwa na kifundo cha breki, cha kuzuia uzi usitoke ovyo, na mume wangu akakikaza kwa ngumi nzima. Samaki wa kwanza alipokamata chambo, uzi ulikatika hapohapo, akaenda na ndoano. Tulibaki na ndoano moja.

"Umefunga sana," nilimwambia.

"Ku izine tunafunga mupaka mwisho," alisema, akimaanisha kiwandani.

"Huku si izine, Papa. Ku mashini yangu ukifunga sana, uzi inakatika. Legeza."

Mkono wake ulikuwa umekaza nati maisha yake yote. Akalegeza, akauvuta uzi kwa vidole kuupima, akalegeza tena. Kambale alipokuja, muline ilimwachia uzi pole pole, na kane ikainama yote, kutoka ncha mpaka kwenye kiganja chake. Alitaka kukaza, nikamshika kifundo cha mkono. Tulipomtoa yule samaki mtoni na kumlaza kwenye majani, nilicheka kwa furaha. Nikamwambia sasa nimeelewa alichokiona kule barazani kwa bosi.

"Basi utanirudishia chumvi yangu," alisema.

Kumbe siku zile alikuwa ametambua kuwa imepungua.

Usiku ule watoto walikula bukari, ugali wetu, na samaki, wakalala bila kuomba kitu. Jumamosi asubuhi nilimkuta mume wangu amekwisha kuifuta kane na kuiegemeza mlangoni, tayari kwa mama wa unga. Niliirudisha chumbani, nikatoa cherehani.

"Mama, hapana," alisema.

"Nani analeta kitambaa sasa? Bantu banauzisha nguo zabo, habashonishe."

Nilisema hivyo kwa ukali. Iliniuma, sitasema uongo. Nilikuwa nimeshonea kwa cherehani ile nguo yangu ya arusi na nguo za ubatizo za watoto wote. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyeibeba mpaka kwenye lori, ameikumbatia kwa mikono miwili, akateremsha gunia la unga.

Mama wa unga alikuwa mtu makini. Alifungua droo, akaona sindano zipo, akaona vibobini vya uzi vipo, akaona mkasi. Kisha akatafuta tena.

"Na kachupa ka mafuta, kako wapi?"

Nilikuwa nimekashika ndani ya mfuko wa aproni.

"Kale kanabakia," nikamwambia. "Sasa njo kachupa ka muline."