Saba ya Mama

Sauti ya kwanza kunitisha duniani, kabla ya mbwa na kabla ya giza, ilikuwa ya ndege. Ziliposhuka kuelekea uwanja wa Embakasi zilipita juu ya paa letu mtaani Mbotela, vikombe vya bati vikagongana kabatini, na Kukhu, nyanya yangu, akaacha kuchambua kunde mpaka mlio uishe. Nilikuwa na miaka minane likizo ile mama alipopata kazi ya uuguzi London. Aliondoka Jumamosi kwa ndege ya saa nne asubuhi, akatuachia kikaratasi chini ya redio: "Nafika 7. Nikitua tu nitapiga simu." Kukhu hakujua kusoma. "Soma wewe, mtoto wa shule," aliniambia, nami nikasoma kwa maringo: saa saba. Nani angenisahihisha? Basi la kwenda kwetu Kakamega lilikula siku nzima, lakini ndege ni ndege, na kwenye atlasi yangu Nairobi na London ziliachana kwa shibiri moja tu. Saa tatu zilitosha kabisa.

Saa saba mchana ikafika. Simu ya vibonyezo ililala mezani juu ya kitambaa cha kufuma, kimya. Saa nane. Saa tisa. Kukhu alianza wimbo wa kanisani, akaukatiza katikati. Kila ndege ilipopita vikombe vililia. Auma, binti wa jirani, akachungulia mlangoni.

"Niaje, mathako ashafika majuu?"

"Mama bado hajafika London."

"Si ulisema saa saba? Ama ndege imeisha mafuta, wanaisukuma?"

Alicheka peke yake. Kukhu alimkazia macho hadi akaondoka, kisha akanigeukia. "Mwana wanje, mwanangu, soma tena." Nikasoma. Saba ilikuwa ileile. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini siku ile kuuliza jirani kungekuwa kutangaza msiba, nasi hatukuthubutu kuwa wa kwanza kulitamka neno hilo. Saa kumi na moja, bila kusema lolote, Kukhu alijifunga leso kiunoni, akashika meza kwa mikono miwili, akaisukuma hadi ukutani. Nilijua maana yake. Hivyo ndivyo nyumba hufanyiwa watu wanapotarajiwa kuja kulia.

Simu ililia saa moja jioni. Kukhu alirudi nyuma. "Pokea wewe. Wewe ndiye uliyesoma."

"Nimefika salama," mama alisema. "Mbona unalia?"

"Uliandika saba!"

"Saba ya Kizungu, ya hospitalini, mwanangu. Saa moja. Mkono umezoea."

Nilipomweleza, Kukhu aliketi sakafuni palepale. "Mwambie mama yako," alisema, akijifuta macho kwa leso, "siku nyingine aandike kwa maneno, kama Mkristo!"

Leo najua yote ambayo hatukuyajua. Ni karibu kilomita elfu saba, saa tisa hivi angani. Mama anapokuja Krismasi, simu yangu hunionyesha kindege kidogo kikivuka Sahara, pamoja na dakika zilizobaki. Lakini mtandao ukisumbua, kindege kikakwama juu ya jangwa, hujikuta nimesimama, nimeshika meza yangu kwa mikono miwili, tayari kuisukuma ukutani.