Ndoa Iliyohifadhiwa Kati ya Majeneza

Saa mbili asubuhi, Tsonka Bakardzhieva ameshachemsha kahawa na ameshagombana na kompyuta. Anaandika "Idara ya Misitu". Kompyuta haina habari. Anaandika "Kurugenzi ya Misitu". Kimya. Anaandika "Shirika la Misitu na Uwindaji", na mafaili yanajimwaga kwenye kioo.

"Msitu ni uleule na bwana misitu ni yuleyule," anasema akicheka. "Kinachobadilika ni kibao cha mlangoni."

Kwa miaka kumi na tisa Tsonka amekuwa akiwatafutia wananchi wa mji wa Gorni Oreshak karatasi zao katika chumba cha nyaraka cha manispaa. Mshahara si wa kujivunia na mafua ya vumbi hayamwishi, lakini kazi anaipenda. Mwiba wake ni mmoja tu: kompyuta inataka jina la ofisi kama lilivyoandikwa enzi hizo, wakati wananchi wanajua majina ya mtaani.

Mwezi Mei alikuja Bibi Dafina Mutafova, akimkokota mumewe Gancho kwa mkono wa koti. Jumamosi walikuwa wanatimiza nusu karne ya ndoa. Manispaa huwafanyia wazee wa namna hiyo sherehe ukumbini, ila lazima ndoa ionekane kwenye kumbukumbu. Cheti chao kilikwenda na mafuriko, na msajili alipotafuta hakuona ndoa yoyote. Akawashauri, kwa adabu zote, wafunge upya.

Bibi Dafina hakutaka hata kusikia. Mwanakondoo ameshanunuliwa, wageni wameshaalikwa.

"Nina watoto watatu, mwanangu," alimwambia Tsonka. "Leo niwe bibi harusi? Majirani watasema miaka yote hii nilikuwa hawara wa Gancho."

"Mimi sikatai," alisema Gancho. "Ila safari hii nitafikiria kwanza."

Akala kiwiko cha mbavu.

Tsonka alijaribu kila jina ambalo ofisi ya ndoa imewahi kuitwa, na yalikuwa mengi. Hakuambulia kitu. Ijumaa wazee walirudi. Akamuuliza Bibi Dafina, kwa kukata tamaa tu, ni nani hasa aliyewafungisha.

"Si watu wa Shughuli?" alijibu bibi, akishangaa kuulizwa jambo la wazi hivyo.

Tsonka akajipiga kofi la paji la uso. Zamani Ofisi ya Shughuli ilishughulikia harusi na misiba pia, kwa mama yuleyule wa kuongoza sherehe na tarumbeta zilezile. Baadaye ndoa zikahamia kwa msajili, na jina la Shughuli likabaki kwa wenye majeneza. Aliyeingiza mafaili kwenye kompyuta alipoona neno hilo, aliyatia yote chini ya Mazishi.

Akaandika "Mazishi", mwaka, na jina la ukoo wa Gancho, Mutafov. Hao hapo, katikati ya majeneza na mashada, wameoana kihalali.

Gancho alicheka hadi akatafuta kiti. "Miaka hamsini nawaambia rafiki zangu kwamba siku ile nilizikwa. Leo serikali imethibitisha."

Bibi Dafina alimpiga kwa mkoba, kisha akambusu mbele za watu. Tsonka naye machozi yakamtoka, ya furaha, na hakuyaficha.

Sasa ana mpango, na mkuu wake ameshaukubali. Kila ofisi iliyowahi kuwapo mjini anaiunganisha kwenye kompyuta pamoja na majina yake yote, ya serikalini na ya mtaani, ili ukitaja moja mengine yaitike. Ameshafika idara ya maji.

"Mtu aje na jina alilolizoea nyumbani kwake," anasema. "Kutafuta mengine ni kazi yetu."

Jumamosi ile ya sherehe naye alialikwa, akacheza ngoma ya duara hadi viatu vikambana. Alipokaa kupumzika na kipande cha banitsa, ile pai ya jibini, mzee mmoja akamwinamia sikioni. Mashamba ya babake yaliandikishwa zamani katika ile ofisi ya punda. Je, binti anaifahamu?

Tsonka hakuwahi kuisikia.

"Njoo Jumatatu, baba," akamwambia. "Jina hilohilo linatosha."