Bomba la Nyuma

Vidole vya fundi wa mtambo wa maji wa hoteli moja ya Shangani vimebabuka kwa dawa, na kila akimaliza kazi huvinusa, kama anayetafuta harufu isiyokuwepo. Mtambo wake unachuja mabaki ya vidonge na plastiki yanayovuruga homoni za mwili. Maji safi hupanda vyumbani kwa watalii. Yaliyobeba uchafu wote hutoka kwa bomba la nyuma, uchochoroni, ambako mifereji ya majumbani haitoi hata tone. Kila asubuhi wanawake humngojea na ndoo. "Ya kufulia tu hayo," fundi husema, bila kumtazama yeyote, kisha hufungua.

Siku ya Idi alipita kwa Bi Rukaiya, mmoja wa wanawake hao.

"Shikamoo, Bi Rukaiya."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, nshakuwekea." Akamletea gilasi ya sharubati ya ukwaju. "Maji yako hayo," alisema kwa fahari. "Hata wajukuu zangu nnawapa. Maji ya hoteli ya watalii yatakosaje kuwa mazuri?"

Fundi aliishika gilasi kwa mikono miwili. Kinywaji cha Idi hakirudishwi. Akanywa yote, akashukuru.

Kesho yake alilifungua bomba kama kawaida, ila lile neno la kufulia hakulisema tena.