Baba na Mchanga wa Chupa

Mvua za Ikuti, kijijini kwetu, zilikuwa na harufu ya majani ya migomba yaliyooza na ya moshi uliokataa kutoka jikoni. Katika msimu mmoja wa mvua hizo, nikiwa msichana wa miaka kumi, baba yangu alirudi kutoka Dar es Salaam, alikokuwa kibarua katika kiwanda cha chupa. Tulizoea kumpokea akiwa na mzigo begani. Safari hii kondakta alimshusha kwa kumshika mkono, na kutoka barabarani hadi nyumbani alipumzika mara nne.

Hakuweza kushika jembe, kwa hiyo alishinda barazani, nami nikitoka shule nilikaa naye. Siku moja nilimuuliza, "Tata, chupa inatengenezwaje?" Macho yake yakachangamka. Akanieleza kwamba chupa ni mchanga mweupe uliochanganywa na magadi, chokaa na vipande vya chupa kuukuu, vikapikwa katika tanuri lisilozimwa hata sikukuu, mpaka vikawa uji mwekundu, mzito kama asali. Mashine huukata uji ule matone matone. Kila tone huangukia ndani ya kalibu, chuma chenye umbo la chupa, upepo ukalitanua likapata tumbo na shingo. "Halafu inapozwa polepole sana, mwanangu. Ukiiharakisha, inapasuka yenyewe."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Mimi nilikuwa namimina mchanga." Alisema kwa fahari. Vumbi la mchanga ule lilikuwa laini kuliko unga wa mahindi. Vibarua walijifunga vitambaa puani, jioni wakavikung'uta.

Alikohoa usiku kucha, na dawa za kifua kikuu alizopewa alikwisha kuzimaliza bila nafuu. Ndugu walianza kunong'ona kwamba amerogwa, na shangazi akaacha kuja. Daktari mmoja wa Tukuyu ndiye wa kwanza kumuuliza kazi yake. Aliitazama picha ya kifua, kisha akataka barua ya kiwanda ieleze baba alivuta vumbi gani na kwa miaka mingapi, ili ampeleke hospitali kubwa. Baba akanitamkia, nikawaandikia wa kiwandani. Wiki nyingi nilimsumbua mchungaji, ambaye sanduku lake la posta ndilo tulilotumia. Jibu lilipofika, mimi ndiye niliyemsomea: jina lake halimo katika vitabu vyao.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Mama akaninyang'anya karatasi. "Inatosha, Tusa!"

Baba akageukia ukutani. Tulimzika kabla mvua hazijakatika. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Baba alichuma motoni, na kivulini hakukuta kitu.

Leo mimi ni mwalimu hapa Kinyala, nimeupita umri aliofia baba. Nasikia viwandani sasa kuna barakoa nzuri na mashine za kufyonza vumbi, na huenda ni kweli. Mwezi uliopita kijana niliyemfundisha alikuja kuniaga; amepata kibarua kwenye kiwanda cha chupa. Nilimsimulia yote haya. Alisikiliza kwa adabu, mikono nyuma, mpaka nikamaliza.

"Pole sana, mwalimu," akasema. "Lakini hapa nibaki nifanye nini?"

Nikamsindikiza mpaka stendi.