Ushuhuda wa Mama

Mama alipotolewa uvimbe kwenye ubongo, daktari alituambia ni wa nadra, wa daraja la pili, yaani si mkali sana, lakini unaweza kurudi. Awe anakuja kupigwa picha za kichwa. Lakini kanisani kwetu Gatwekera, mtaa wa Kibera, Mama alitoa ushuhuda kwamba amepona kabisa, nasi tukapiga makofi. Kurudi hospitali kungekuwa kumwita Mungu mwongo.

Kibera ilipowaka baada ya uchaguzi wa 2007, Mama akaanza kushika kichwa. Tukasema ni vitoa machozi vya polisi. Barabara zikafunguliwa, moshi ukaisha, na bado sisi, watu wazima, tulisema ni vitoa machozi!

Mwishowe tukampeleka hospitali, daktari akamuuliza maumivu yalirudi lini. Mama akatutazama wanawe.

"Yalikuwepo hata siku ya ushuhuda," akasema. "Lakini mlikuwa mmefurahi sana."